Nilitembea Hatua za Binti Yangu

Binti yangu alinipigia simu nikiwa kijijini Ihanda, mwezi wa kuchuma kahawa, nikajua kuna jambo. Mwezi huo mimi siitwi. Akasema, "Mama, njoo Tunduma." Nikamuuliza nani amekufa. Akasema hakuna. Nikamuuliza basi kwa nini niache kahawa inaiva juu ya miti. Akasema, "Nina mimba ya miezi mitano."

Sikuuliza tena. Nilifunga nguo zangu, nikafika Vwawa, nikapanda gari la Tunduma siku hiyohiyo. Binti yangu ana miaka thelathini na minane. Mimba mbili zilishamtoka, zote mwezi wa sita wa mimba, zote kwa sababu ya presha. Ya pili tuliizika mimi na yeye na mumewe, hatukumwita mtu. Sasa mwezi wa sita ulikuwa unakuja tena.

Nilimkuta sebuleni mbele ya kompyuta, simu moja sikioni, nyingine mezani inatetemeka. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki hiyo alikuwa Kongo. Nikasema hodi mara tatu. Aliitikia kwa kuinua kidole, maana yake ningoje. Mimi mama yake. Nikangoja, nikamtazama miguu. Ilikuwa imejaa kama mihogo iliyolowekwa siku tatu.

Alipokata simu nikamwambia, "Hiyo miguu ni ya nani?"

"Ni joto, mama. Shikamoo."

"Joto la Tunduma lilianza lini? Marahaba."

Kazi yake ni kutoa mizigo mpakani. Lori linafika, yeye anashughulikia nyaraka zake forodhani, upande wetu na upande wa Zambia, hadi lipite. Ni kazi ya heshima na ameisomea. Lakini nyumba yake iko karibu sana na mpaka, na kule Nakonde, upande wa Zambia, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Simu ikikamata mtandao wa kwao inageuka yenyewe. Ukikaa sebuleni ni saa tatu. Ukiingia jikoni kuchukua chumvi ni saa mbili. Nilipika ugali siku ya kwanza, nikauweka mezani kabla sijaanza kuupika, ukizifuata simu zile.

Mimi nilicheka. Baadaye nikaona kwamba binti yangu anaishi hivyo kweli. Asubuhi anaanza kazi kwa saa ya Tanzania, kwa sababu ofisi ya huku imefunguliwa. Jioni anamaliza kwa saa ya Zambia, kwa sababu ya kule haijafungwa. Chakula cha mchana hakina saa upande wowote.

Siku ya tatu nilimpeleka kliniki. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi, nikampenda. Akapima presha, akapima tena, akamkazia macho.

"Wewe unajua ulichopoteza. Kuanzia leo unalala ubavu wa kushoto, miguu unaiinua juu, chumvi unapunguza. Kazi punguza. Huku tunakoelekea kuna kifafa cha mimba, na hicho hakichukui mtoto peke yake. Umenielewa?"

Kabla binti yangu hajajibu, kitu mkononi mwake kikalia. Ilikuwa saa nyeusi, pana kama kifuniko cha soda, ikatoa sauti ya mwanamke mwenye furaha: "Umekaa muda mrefu! Simama utembee!"

Daktari akauliza, "Nani huyo?"

"Ofisi," akajibu binti yangu.

Na kweli akasimama. Alizunguka meza ya daktari mara mbili, pole pole, na miguu ile, huku daktari na mimi tukimtazama. Saa ikasema hongera. Akakaa.

Njiani nilimbana hadi akasema yote. Makao makuu ya kampuni yao yako Dar es Salaam. Waliona wafanyakazi wanawake wanaumwa na kuacha kazi, wakakaa kikao, wakaamua kuwatunza. Kila mwanamke akapewa saa na simu ndogo ya kwenda nayo. Saa inahesabu hatua, usingizi na mapigo ya moyo, simu inapeleka habari Dar. Kila siku hatua elfu kumi. Anayeshindwa anaonekana hajitunzi, na asiyejitunza hawezi kupewa uongozi. Na wakati huo walikuwa wanatafuta mkuu wa tawi la Tunduma.

"Waambie una mimba," nikasema.

"Mwenzangu wa tawi lingine aliwaambia. Wakampongeza, wakamletea keki, wakamhamishia chumba cha mafaili ili apumzike. Mtoto wake sasa anatembea na yeye bado yuko na mafaili."

"Basi ivue."

"Wataona nimevua."

Nikamshika mkono, tukaendelea kutembea. Mimi nimesoma hadi darasa la nne, lakini naelewa mtu mmoja anapomwambia mwanangu alale na mwingine anapomwambia atembee. Wote wawili wanasema ni kwa ajili ya afya yake. Mmoja ana kipimo cha presha, mwingine anahesabu kisigino.

Tulipofika nyumbani nikanyoosha mkono. "Nipe hiyo."

"Mama, huo ni uongo."

"Sisemi neno. Natembea tu. Kutembea si kusema."

Nilikubaliana na Mungu hivyo, na nikamwambia binti yangu masharti: mimi natembea, yeye analala. Akanifunga saa mkononi, simu ndogo nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Akaniambia, "Ikiita usipokee."

Kesho yake nilikwenda sokoni, nikarudi. Nilikwenda kwenye kiploti chake mlimani, nikalima matuta ya maharage, nikateka maji, nikafua. Nikapita kwa mama mmoja wa kanisani kumjulia hali. Niliporudi binti yangu alikuwa amekaa, si amelala, anasoma hesabu ya saa kwenye kompyuta, macho yamemtoka.

"Mama! Hatua elfu ishirini na nne! Na hata mchana haujaisha!"

"Si umesema elfu kumi ni lazima?"

"Lazima, lakini mimi ni mtu wa ofisini! Watadhani nimeiba ng'ombe niko mbioni!"

Akanikalisha kwenye kochi. Ikawa hivyo siku zote zilizofuata. Saa nne asubuhi nakuwa nimemaliza hatua zake, ananiambia, "Mama, tulia sasa, usinyanyuke." Mwanamke yule wa ndani ya saa akinihimiza nisimame, binti yangu ananikataza. Miaka sitini na saba hakuna aliyewahi kunilazimisha kukaa. Nilikaa kama bibi harusi. Na yeye niliyekuja ili akae, alikuwa kwenye simu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani nikimwondolea kutembea nimempa kulala. Kumbe nilimpa nafasi. Muda wa hatua elfu kumi ni mrefu, na aliujaza malori. Nilimkuta amelala ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa, miguu juu ya mito, kompyuta imesimamishwa ubavuni kama mgonjwa mwenzake, anabishana na dereva.

"Funga hiyo."

"Mama, nimelala. Si unaona nimelala?"

Nikamwekea mto vizuri. Alikuwa amelala.

Mwezi wa sita uliingia. Wiki hiyohiyo ikaja barua kwenye kompyuta, ina maua pembeni. Binti yangu ameshika nafasi ya kwanza katika wanawake wote wa kampuni. Hatua zake zimetimia. Usingizi wake ni wa mfano, analala mapema kama kuku na kuamka kabla ya jua. Moyo wake, waliandika, ni moyo wa mtu aliyepata amani na kazi yake.

Ulikuwa moyo wangu. Sikuwahi kusifiwa kwa maandishi.

Wakamwomba, Alhamisi saa nane mchana, awafundishe wanawake wenzake kwa kompyuta jinsi anavyopatanisha kazi, simu na mwili. Somo la saa nzima. Mkuu wa wafanyakazi, ambaye pia ni mama, angelisimamia mwenyewe. Binti yangu alijua maana yake: akilifundisha vizuri, tawi ni lake.

Alianza kuandaa somo la kupumzika, na hakupumzika tena. Aliandika, akafuta. Aliniuliza, "Mama, mtu anatulizaje akili?" Nikamwambia anazima simu. Akasema hilo hawezi kuwaambia, somo linasikilizwa kwa simu. Jumanne nilimpima kwa mashine ndogo tuliyoazima. Sijui sana namba, lakini nilijua zile za daktari, na hizi zilizipita.

"Kesho tunakwenda hospitali."

"Ijumaa, mama. Alhamisi ipite kwanza."

Jumatano asubuhi ikaja habari kwamba shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, amefariki Nakonde. Dada yangu aliolewa huko na Mnamwanga, mtu wa kabila la huko, kabla binti yangu hajazaliwa. Kwenda ilikuwa lazima. Nilimwita mama yule wa kanisani aje amkalie binti yangu, nikavaa kitenge cha msiba. Saa sikuivua. Nilijiambia siku ya leo isije ikakosa hatua, tukaharibu kila kitu kesho.

Niliondoka Tunduma saa nane, nikavuka mpaka kwa miguu, nikafika upande wa pili saa saba na dakika kumi. Hivyo ndivyo simu ilivyoandika na hivyo ndivyo ilivyopeleka Dar: mfanyakazi huyu ametembea kwa mwendo ambao ulimfikisha kabla hajatoka.

Sasa, kwetu mwanamke wa karibu haingii msibani kimya kama mpangaji. Ukiiona nyumba, unaanza kulia kwa sauti, unakimbia, unaangukia mlangoni, wanawake wa ndani wanakupokea wanakuinua. Usipofanya hivyo watauliza miaka kumi ulikuwa na kinyongo gani na marehemu. Nami nilimpenda shemeji yangu. Nilikimbia tangu kwenye kona ya kisima, nikalia, nikaanguka, nikainuliwa, nikaanguka tena na dada yangu mikononi.

Mwanamke wa ndani ya saa akapiga kelele: "Mapigo ya moyo yako ni ya hatari! Kaa chini! Vuta pumzi!"

Wanawake wote wakaacha kulia. Mmoja akaniita mama kwa lugha ya huko, akauliza, "Bamayo, mmekuja na nani?"

Kabla sijajibu, simu ndogo ikaita kiunoni. Binti yangu alisema nisipokee. Lakini ilikuwa inaita juu ya maiti, haikuwa adabu, nikaibonyeza inyamaze, nayo ikafunguka.

"Haloo! Haloo, mpenzi, uko salama?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Mimi ni mkuu wa wafanyakazi, Dar. Tunaona moyo wako huku, umetutisha wote! Uko wapi? Mbona inaonyesha uko Zambia? Nani analia hapo?"

"Watu," nikasema.

"Wewe nani? Nipe mwenye simu."

"Mwenye simu yuko Tunduma."

"Tunduma? Na moyo huu ninaouona?"

Niliahidi kutembea. Kusema uongo sikuahidi. "Moyo unaouona ni wangu," nikamwambia. "Mimi ni mama yake. Wake hujawahi kuuona hata siku moja."

Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshalia na mtu aliyelia hana breki. Nikamwambia mwanangu ana mimba ya miezi sita na presha, ameshapoteza mbili mwezi huu huu wa mimba, na anaandaa somo lenu la amani huku amevimba. Nikamwambia miguu mnayoisifu ni miguu ya mkulima wa kahawa. Mwisho nikamwambia, "Kama wewe ni mama, njoo umwone. Kama si mama, mwache mtu azike." Nikabonyeza tena, ikazimika kweli.

Dada yangu, mjane wa siku moja, alinitazama na machozi yake. Nikamweleza kwa kifupi. Desturi inataka nikae naye hadi siku ya tatu. Akasema, "Asubuhi rudi kwa mtoto. Huyu wangu hana haraka tena."

Alhamisi nilirudi. Sikumwambia binti yangu habari za simu. Nilisema twende hospitali, akasema baada ya somo, nikasema sasa, akasema, "Mama, nakuomba, saa moja tu!" na alipoinua sauti akashika kichwa. Nikaogopa kumgombeza. Mtu mwenye presha huwezi hata kumpiga kwa maneno.

Saa nane akaanza. Juu alivaa koti la ofisini na hereni. Chini kitenge, na miguu ndani ya beseni la maji, mezani haionekani. Kwenye kompyuta walijaa wanawake, kila mmoja na kidirisha chake, kama njiwa. Akasema, "Dada zangu, siri ya kwanza ni kuusikiliza mwili."

Gari likasimama nje. Aliyeshuka alikuwa mama mnene wa rika la kati, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Alikuwa amepanda ndege ya asubuhi hadi Mbeya na gari hadi kwetu.

"Shikamoo, bibi. Ndiye wewe wa jana?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Pita, yuko kwenye siri ya pili."

Nilimshika mkono nikampitisha nyuma ya meza, binti yangu akatoa macho, hakuweza kusimama, wenzake wanamwona. Nikainua kitambaa cha meza. Yule mama akapiga magoti. Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaubonyeza kwa kidole gumba kwenye muundi, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Tuliliangalia wote watatu. Halikujaa.

"Niliwahi kuwa na dada mwenye miguu hii," akasema.

Kompyutani mmoja akauliza, "Dada, mbona unalia? Na aliyepiga magoti hapo si bosi?"

Mkuu akainuka, akaonekana kwa wote, nywele zimesimama. "Somo limekwisha. Mwenzenu anakwenda hospitali. Saa yake ilikuwa inavaliwa na mama yake."

Nilitegemea kelele. Badala yake mmoja akasema pole pole, "Yangu anavaa dada wa kazi."

"Yangu mlinzi," akasema mwingine.

"Mimi nimemfunga mbuzi, naomba radhi. Lakini usingizi wa mbuzi ni mbaya sana, ndiyo maana nimekuwa wa mwisho."

"Yangu iko kwenye feni. Umeme ukikatika naonekana nimezimia."

Mkuu akaitazama ya kwake mwenyewe, akaiangalia dari, akafunika kompyuta kwa kiganja. Hakutuambia yake huvaliwa na nani na mimi sikumuuliza, mgeni ni mgeni. Tukambeba binti yangu, mimi bega hili na yeye bega lile, hadi kwenye gari la kampuni. Njia nzima ya kwenda hospitali alimshikia miguu mapajani.

Daktari yule yule wa kliniki alimpima mara moja tu. Walimlaza saa hiyohiyo, wakamchoma sindano, wakafunga pazia. Mkuu akaenda dirishani akapiga simu Dar, nikamsikia anasema, "Anaanza likizo leo. Siombi, natoa taarifa."

Siku tano hatukujua kama watapona. Binti yangu aliniomba simu kila alipofumbua macho.

"Mama, wateja wangu."

"Wateja wana mama zao."

"Kuna lori la mitungi limekwama, mama."

"Wewe ndiye uliyekwama. Geukia kushoto."

Alilia sana siku ya sita, si kwa maumivu, nadhani kwa sababu hakuna aliyempigia. Nilimwacha alie. Baada ya hapo presha ilianza kushuka, kidogo kidogo, na mwezi wa sita ukapita tukiwa pale pale wodini. Tulihesabu siku kama watu wanaovuka maji ya kifua. Wa saba ukapita. Mumewe alirudi kutoka Kongo akawa analala kwenye lori nje ya hospitali.

Tawi alipewa mwingine. Sitasema halikumuuma. Barua ilikuja ya heshima, na mkuu aliongeza mstari chini kwa mkono wake mwenyewe, ambao binti yangu hakunisomea. Mpango wa saa wanasema unaangaliwa upya. Wanawake wale sijui walipelekwa wapi, na mbuzi sijui alipumzishwa na nani.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane na siku chache, msichana, mdogo kama kifungu cha mboga, lakini sauti yake ilisikika hadi getini. Walipowarudisha wodini niliwalaza pamoja. Binti yangu alimtazama, akataka kusema kitu, akalala katikati ya neno.

Mwanamke huyu kwa miaka minane alikuwa anaamka simu ikitetemeka chini ya mto. Mtoto akaanza kulia sentimita chache kutoka sikioni mwake, kwa nguvu zake zote. Mama yake hakusikia. Kinywa wazi, mkono umeanguka pembeni ya kitanda.

Muuguzi akaja akauliza, "Nimwamshe anyonyeshe?"

"Dakika chache," nikasema. Nikamfunga mtoto vizuri, nikatoka naye koridoni, nikavuta mlango.